Matembele Mekundu

Bi Moza alifariki alfajiri, na kabla jua halijafika uani walikuwa wameshaamua kwamba Mwanne hatamwosha. Waliamua akina nani? Hashimu, mtoto mkubwa wa marehemu, mwenye duka, na mkewe Sabaha. Wengine walinyamaza, na kwenye mtaa wetu anayenyamaza anahesabiwa amekubali.

Mwanne alikuwa ameshajiandaa. Chumba chake kiko uani, katika nyumba hiyo hiyo ya Bi Moza pale Mchafukoge, ukuta mmoja na changu. Sisi wawili ndio wapangaji tuliobaki. Nilimkuta ametandaza vitu vyake juu ya mkeka mlangoni: majani ya mkunazi, karafuu maiti, pamba, ndoo zake mbili zenye mifuniko. Amejifunga kanga za kazi. Mwanamke huyu ndiye anayeosha maiti za kike za mtaa huu tangu baadhi ya hao wanaomsema hawajazaliwa, na hajawahi kumwambia mtu alichokiona juu ya mkeka wa kuoshea.

Sabaha akatokea mlango wa nyuma. Hakushuka kwenye kizingiti.

"Bi Mwanne, pole na msiba."

"Ni wetu sote, mwanangu. Maji yameshawekwa jikoni?"

"Tumemwita mwoshaji kutoka Buguruni. Wewe pumzika."

"Nipumzike?"

"Ndivyo ilivyoamuliwa, bibi. Pumzika tu."

Mwanne akamtazama kama mtu aliyeambiwa jina lake si lake. Nikasema mimi, "Kaamua nani?"

"Mzee Twaha, haya mambo ya wanawake."

"Ya wanawake! Mbona umeyatembeza mpaka kwa wauza viatu wa Mchikichini?"

Akafunga mlango. Mwanne akakaa kwenye mkeka katikati ya vitu vyake, akaanza kuyapanga upya majani ya mkunazi ambayo yalikuwa yameshapangika.

Ngoja nieleze kwa nini damu ilinichemka. Bi Moza aliacha wasia. Alisema kwa kinywa chake, akili timamu, mbele ya wanawe wawili, Hashimu na Badria, na mimi nikiwa mlangoni nimeleta dawa: "Nikifa anioshe Mwanne. Msiniletee mtu nisiyemjua aje anigeuzegeuze." Yeye na Mwanne waliahidiana tangu wakiwa wasichana, atakayetangulia ataoshwa na atakayebaki. Mtu siku ile haombi chakula wala nguo. Anaomba mikono ya mtu anayemjua. Na hicho kimoja alichoomba, mwanawe anakwenda kumnyima kwa sababu ya matembele.

Ndiyo, mboga. Umesikia sawa.

Mwanne amepanda matembele uani, kwenye madumu yaliyokatwa na kwenye ukanda wa udongo kando ya ukuta. Yanatambaa yanavyotaka. Miaka yote mashina yake yalikuwa ya kijani, na nusu ya wanawake wa mtaa walikuwa wanamfuata asubuhi kuchukua mafungu. Mwaka huu Hashimu akabomoa banda kuukuu lililokuwa likitupa kivuli pale uani, kwa sababu anataka kujenga fremu za maduka. Akazungushia mabati mapya, yanang'aa kiasi kwamba huwezi kuyatazama. Sasa jua la juu linakupiga utosini, na la mabati linakupiga usoni. Sisi watu tukaingiza viti vyetu ndani. Matembele hayana miguu. Hazikupita wiki nyingi mashina yakaanza kuwa mekundu, mpaka vikonyo vya majani.

Wakati huo huo alifariki mama mmoja ghorofani, mtaa wa pili. Maiti huoshwa juu ya ufuo, yaani shimo linalochimbwa chini ya kitanda ili maji yazame ardhini pale pale, asiyakanyage mtu. Lakini ghorofa ya nne, sakafu ya marumaru, utachimba wapi? Uwatoboe watu wa chini dari? Wengine huyaachia maji yaende chooni. Mwanne hataki kusikia hilo. Anasema maji yaliyomtawadhisha mtu safari yake ya mwisho hayachanganywi na mavi. Yeye huyakinga kwenye ndoo zake, anafunika, na wanaume wanaokwenda kuzika wanaondoka nayo, yanafukiwa huko huko makaburini. Siku ile aliyeyabeba ni mimi. Nilishuka nayo ngazi zote huku mgongo ukinilaani, nikachimba, nikayafukia kwa mikono hii. Ndoo nikazisuuza, nikamrudishia Mwanne tupu, naye akaingia nazo uani mchana kweupe.

Sabaha akamwona na ndoo. Kisha akaona matembele mekundu. Akajumlisha.

"Anamwagilia mboga maji ya maiti." Neno hilo lilitoka jikoni mwake asubuhi, jioni lilikuwa limezunguka Kariakoo yote. Na lilivyozunguka lilinenepa. Wengine wakasema si maji tu, ni damu. Wengine wakasema ni chuma ulete, uchawi wa kuvuta pesa, ndiyo maana mafungu yake yanaisha mapema kuliko ya wenzake. Mama mmoja alikuja kumwaga matembele yaliyokwisha kupikwa mlangoni kwa Mwanne, na nazi yake, na sufuria akaliacha. Na huyo huyo ndiye ambaye Mwanne alimwoshea mamake mzazi. Sokoni matembele yenye mashina mekundu yapo siku zote na hakuna anayeyauliza. Haya yaliulizwa kwa sababu jana yalikuwa ya kijani na mwenyewe ni mwosha maiti.

Mimi nikachukua shina moja nikaenda nalo kwa Goodluck, mtu wa Songea anayeuza mbegu kwenye duka la pembejeo.

"Shikamoo, mzee. Leo umeniletea mboga?"

"Marahaba. Nimekuletea kesi."

Akalisikiliza jambo lote, akacheka, kisha alipoona mimi sicheki akaacha. Akauliza, "Kuna kivuli kimeondoka hapo?"

"Kimebomolewa."

"Basi ndiyo hiyo. Jani chakula chake ni mwanga. Lakini mwanga ukizidi unakuwa kama mtu anayelishwa kwa nguvu, unaanza kuliumiza. Sasa mmea utakimbilia wapi? Unajitengenezea rangi nyekundu kwenye ngozi, ule wekundu unapunguza makali ya mwanga. Ni mwavuli wake, mzee. Nenda kageuze shina uangalie chini, kule jua lisikofika."

"Yanalika?"

"Leta nikale mimi."

Nilikwenda kuangalia. Ilikuwa vile vile alivyosema. Nikamweleza kila aliyekuwa na masikio. Wakanicheka. "Mzee Twaha siku hizi bwana shamba!" Mwingine akasema, "Anakula kwa Mwanne huyo, atasema nini?" Na mwingine, "Huyu mtu wa kuja na kuondoka, leo Tanga kesho Lindi, atajua nini mambo ya mtaa?" Nikanyamaza. Nilidhani maneno yatachoka yenyewe, kama yanavyochoka mengine.

Hayakuchoka. Yalimsubiri Bi Moza afe.

Basi asubuhi ile, Sabaha alipofunga mlango, niliinama nikang'oa tembele moja refu, mizizi na udongo wake, lililoanzia chini ya ngazi za kupandia darini likatambaa mpaka katikati ya ua. Mwanne akasema, "Twaha, acha. Leo siku ya Moza."

"Ndiyo maana siachi."

Nikazunguka nalo mbele. Turubai lilikuwa limeshafungwa, wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki, Hashimu katikati amevaa kanzu, simu mkononi, anapanga habari za kaburi.

"Hashimu, tazama hapa."

"Jamani, mzee, leo? Mama yangu yuko ndani amelala."

"Leo hii. Kesho haina kazi."

Nikalitandaza lile tembele juu ya mapaja yake, juu ya kanzu yake nyeupe, na udongo wake. "Huku kulikuwa chini ya ngazi, kivulini. Rangi gani?"

Akautazama udongo kwenye kanzu yake.

"Kijani. Huku lilipotokea juani, rangi gani? Haya, ligeuze. Mgongoni jekundu, tumboni kijani. Mzizi mmoja, udongo ule ule, maji yale yale. Hayo maji ya maiti yalijuaje pa kupaka na pa kuacha? Hili ni jua, Hashimu. Jua na mabati yako. Wewe ndiye uliyeyapaka rangi haya matembele, si Mwanne."

Mzee Mwinyimvua, jirani yetu, aliyekuwa amekaa karibu, akavaa miwani, akalichukua, akaligeuza kama anayekagua kitambaa. "Kweli, bwana. Tumboni kijani kabisa." Akampa wa pili. Tembele likapita mkono hadi mkono chini ya turubai, kila mmoja anageuza, anaguna. Mmoja wa nyuma akanong'ona, "Sasa hili tulipike au tulizike?" na waliokuwa karibu naye wakajikohoza kuficha kicheko.

Hashimu akapangusa udongo kwenye kanzu. "Nimeona, mzee. Mimi binafsi naamini."

"Basi mwite Mwanne."

"Mimi naamini. Lakini watu je? Wanawake wote hawa wanaoingia wakimkuta yeye ndani, itasemwa mama yangu ameoshwa na mtu wa namna ile. Maneno yatabaki kwenye nyumba yangu."

"Mtu wa namna gani?"

"Mtu anayesemwa."

"Anayesemwa na nani? Si na mkeo!"

"Mzee Twaha, unanivunjia heshima msibani kwangu."

Sijui kama nimewahi kukasirika vile, na nimetembea sana na nimekasirishwa na wengi. Asiyejua utamwelekeza. Mbishi mtabishana mpaka mmoja achoke. Lakini huyu ameona kwa macho yake, ameshika kwa vidole vyake, anakwambia kweli, naamini, halafu anatenda kama vile hajaona, kwa kuogopa watu ambao mkubwa wao analala naye kitanda kimoja! Huyu utamwambia nini tena? Nikatazama wale wanaume wengine. Wote walikuwa wameshaligeuza tembele. Wote walikuwa wanatazama chini, wanasoma viatu vyao.

"Na wasia?" nikasema. "Mama yako alisema nini, na wewe umekaa ukingoni mwa kitanda chake?"

"Tutamwombea atusamehe."

Hapo ndipo bajaji iliposimama. Akashuka mama mnene, ameshika mfuko mkubwa, anahema. "Asalaam aleikum. Poleni sana." Alikuwa Bi Maimuna, mwoshaji wa Buguruni. Hashimu akainuka haraka kumpokea, lakini mimi nilikuwa karibu zaidi na mlango.

"Bi Maimuna, karibu. Kabla hujaingia, ujue kwamba marehemu alimtaja atakayemwosha, na huyo aliyetajwa yuko uani amekaa na ndoo zake."

Akanitazama, kisha akamtazama Hashimu. "Mimi nimeambiwa mwoshaji wa hapa mgonjwa. Hawezi hata kusimama."

"Nani kakwambia?"

"Mwanamke aliyenipigia simu."

"Huyo ni mke wangu," Hashimu akasema polepole. "Mama, ingia tu, tutaelezana baadaye. Muda unakwenda."

"Muda wa maiti naujua mimi kuliko wewe, mwanangu." Akaweka mfuko chini. "Wewe ndiye mwenye mama. Nijibu. Mama alimtaja mtu au hakumtaja?"

Hashimu akaitazama simu yake. Haikuwa inalia.

"Alimtaja."

Sauti ilitoka mlangoni. Ni Badria, binti wa marehemu, macho yamevimba, ushungi umekaa upande. Nilikuwa nimemkasirikia na yeye tangu alfajiri, kwa sababu ndiye mwenye haki kuliko wote na alikuwa amekaa kimya. "Alimtaja Bi Mwanne," akasema. "Mimi nilikuwepo, na kaka alikuwepo. Niliogopa kugombana mama hajazikwa. Basi tugombane."

Sabaha alikuwa nyuma yake. "Mama Maimuna, wewe huyajui ya hapa. Huyo bibi ana—"

"Sitaki kuyajua. Wewe ndiye uliyenipigia? Haya, mgonjwa wako amepona, mshukuru Mungu." Bi Maimuna akaokota mfuko wake. "Mimi sishiki maiti iliyomtaja mwingine. Kama huyo mwenzangu ataingia, nitaingia nimmiminie maji. Kama haingii, niitieni bajaji."

Hakuna aliyeita bajaji.

Nikaenda uani. Mwanne alikuwa bado amekaa pale pale.

"Inuka, unaitwa."

"Kaniita nani?"

"Badria. Na mwoshaji wa Buguruni anakungoja umwongoze."

"Hashimu je?"

"Hashimu ameshindwa kusema hapana."

"Huko siko kuitwa, Twaha." Akabaki amekaa. Mabati yalikuwa yameshaanza kutupa mwanga wake, na uso wake wote ulikuwa umekunjamana kwa ule mng'ao. Nilidhani hatakwenda, na ningemwelewa, na hasira yangu ingenipasua palepale. Kisha akasema, "Lakini Moza hajanikosea kitu." Akachukua ndoo zake, akapita mlango wa nyuma, akambana Sabaha ukutani kwa kupita tu, bila kumgusa.

Wanaume hatujui ya ndani. Tulikaa nje tukasikia maji yakimiminwa, na sauti mbili za wanawake wazima zikisemezana kwa chini, weka hapa, inua huku, taratibu. Lile tembele lilikuwa limeachwa kwenye kiti kitupu, limeanza kunyauka, na kila aliyekuja alikuwa anatafuta kiti kingine.

Walipomaliza, Mwanne hakutokea nyuma kama kawaida yake. Alitokea mlango wa mbele, mbele ya wanaume wote, kanga zimelowa mpaka magotini, na zile ndoo mbili zimefunikwa. Nyumba ya Bi Moza nayo Hashimu ameijaza marumaru mpaka ukumbini, ufuo haukuwezekana. Akaziweka miguuni kwa Hashimu.

"Mama yako yuko tayari. Amependeza. Haya ni maji yake. Utayabeba wewe."

"Bi Mwanne, kuna vijana hapa, watayachukua."

"Vijana hawakusema kitu. Na huyu mzee aliyabeba mara ile, akasema, hamkumwamini. Beba wewe. Ujue mwenyewe yanakokwenda."

Watu wote walikuwa wanatazama. Zamu hii hakuna aliyesoma viatu. Hashimu akatia simu mfukoni, akainama, akashika mishikio. Njia nzima ya kwenda makaburini alikaa kwenye gari akiwa ameziweka ndoo katikati ya miguu yake, anashika mifuniko kila tulipopita kwenye shimo, na kila aliposhika nilifurahi. Sisemi ilikuwa vizuri kufurahi. Nasema nilifurahi.

Tulipomaliza kuzika na dua kusomwa, nilimpa jembe, nikamwonyesha pembeni. Akachimba mwenyewe. Kanzu ikalowa jasho.

"Nimwage hapa?"

"Mwaga hapo. Mwakani ukizikuta nyasi zimekuwa nyekundu, kamwambie mkeo."

Akayamwaga, akafukia, akachutama na jembe mkononi. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Mzee, yaishe."

"Yaishe kwangu? Mimi nimefanywa nini? Zirudishe ndoo kwa mwenyewe, mkononi mwake, ukaseme naye."

Tuliporudi, wanawake walikuwa wamejaa barazani na ukumbini, wengine ni wale wale walioyasusia matembele yake. Mwanne alikuwa amekaa kati yao, amebadili kanga, na kulikuwa na nafasi pande zake zote mbili ambayo hakuna aliyeikalia. Hashimu akavua viatu, akaingia na ndoo tupu, akasimama mbele yake kama mtoto aliyetumwa dukani.

"Ndoo zako, Bi Mwanne."

"Ahsante. Umeyamwaga wapi?"

"Makaburini."

"Nani kayamwaga?"

"Mimi mwenyewe. Nimechimba, nimefukia. Na hata yale ya mwanzo yalikwenda huko huko. Tulikukosea."

Mwanne akazipokea zile ndoo, akazipachika moja ndani ya nyingine.

"Sema tena," akamwambia. "Sabaha yuko jikoni, hajasikia."

Hashimu akageukia jikoni, akasema tena, kwa sauti ile anayoitia wateja dukani.